Raili Moilanen na Tanuri la Suovaara

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuingia nyumba za watu na mfuko wa turubai begani na soksi safi miguuni, Raili Moilanen anastaafu katika kituo chetu cha vipimo vya joto hapa Kajaani.

Alipoajiriwa, pampu ya joto ilikuwa bado jambo la kuchekwa. Mashine ichote joto kwenye hewa ya baridi huko nje, ilisukume ndani? Wazee wa mkoa wetu wa Kainuu walisema afadhali umkamue fahali. Kiwandani pampu hupimwa kwenye chumba kitulivu. Raili alizipima zinakoishi: nyumba yenye mlango unaofunguliwa na mbwa, theluji inayoporomoka paani na babu anayegombana na rimoti. Aliufunika mdomo wa pampu kwa ule mfuko wake, akapima wingi wa upepo unaotoka na joto lake, akatuambia nyumba inapata joto kiasi gani hasa, si kile kilichoandikwa kwenye katoni.

Hana maneno mengi. Ukimsalimia asubuhi atakujibu mchana. Kwa hiyo niruhusiwe kumsemea jambo ambalo yeye hatalisema, la Februari ya mwaka 2011.

Halmashauri moja ya jirani ilikuwa imefunga pampu katika nyumba za wazee wachache kijijini Suovaara, na boila zao za mafuta zikazimwa tangu vuli kwa majaribio. Sisi tulitakiwa kusema kama pampu peke yake inatosha. Tulipiga simu, tukapanga siku, tukaenda. Kila nyumba tuliikuta na joto zuri, na kila pampu ikifanya kazi nusu nusu tu. Tukaona mambo shwari: mashine imepumzika kwa sababu imemaliza kazi. Raili akasaini ripoti. Kikao cha kuamua kung'oa boila kikapangwa Alhamisi jioni.

Alhamisi hiyo asubuhi Raili akakumbuka kwamba mfuko wake ulibaki Suovaara kwa Hilja Kemppainen, bibi wa miaka themanini na mitatu mwenye nyonga mbovu. Tukaenda, mimi na yeye, bila kupiga simu. Tulimkuta jikoni, kando ya tanuri lake la kuni lililopoa, kavaa koti, kofia na glavu. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi kumi na tatu.

"Mbona hamkusema mnakuja?" alifoka. "Ningewasha tanuri!"

Raili alibaki mlangoni na kiatu kimoja mkononi. "Siku ile uliwasha?"

"Sasa mgeni nimkaribishe kwenye barafu? Mimi nimelelewa! Ila siwezi kila siku. Mkono mmoja kuni, mwingine mkongojo."

Raili akapiga simu nyumba moja baada ya nyingine. Jibu lilikuwa lile lile: walitupashia nyumba joto kwa tanuri, wakatuokea na mikate ya iliki, nasi tukala, tukashukuru, tukaisifu pampu. Saa kumi na moja kikao kingeanza, na Jumatatu mafundi wangekuja kung'oa.

Hilja naye alikwisha kuelewa. Alimshika Raili mkono. "Binti, usiwaambie. Wakijua humu kuna baridi watasema nyumba haifai, watanipeleka makao ya wazee mjini. Watoto wangu wanne nimewalea humu. Andika kuna joto. Wewe utapungukiwa nini?"

Raili aliliacha tanuri baridi, akavisha pampu mfuko. Pampu ilinguruma kwa nguvu zake zote, lakini joto lililotoka halikufika hata nusu ya lililoahidiwa. Akatoka nje kuitazama sehemu ya pili ya mashine, ile inayovuta hewa.

Huku kwetu hatupendi chuma kitupu kitazame barabara. Urho, mume wa Hilja, alikuwa ameijengea pampu kibanda chekundu chenye kona nyeupe, nyumba ndogo pembeni ya nyumba kubwa. Ndicho kitu cha mwisho alichojenga kabla hajafariki, na majirani wote wakaiga. Kilikuwa kizuri kweli. Lakini ndani yake pampu ilikuwa inaivuta tena hewa ile ile iliyokwisha kuitoa joto, na barafu ilikuwa imeiganda hadi shingoni.

Skrubu ziligoma. Nikaleta shoka. Raili alilishika, akakitazama kibanda, mikono ikakataa kunyanyuka.

"Unangoja nini?" Hilja alipaza sauti kutoka barazani. "Urho alikijenga pampu isinyeshewe theluji. Hakukijenga ili mimi nigande. Piga!"

Akapiga. Tukaiyeyusha barafu kwa ndoo za maji moto, tukarudi ndani kupima. Joto lilikaribia maradufu. Halikutosha kwa baridi ya siku ile, lakini boila ikisaidia lingetosha kabisa.

Tuliingia kikaoni mwenyekiti akiwa ameshaita kura. Raili alisimama na koti lake lenye vumbi la mbao.

"Ripoti ile si ya kweli," alisema. "Nilipima matanuri ya wazee. Pampu sikupima."

"Lakini umesaini mwenyewe, Raili," mwenyekiti alisema.

"Nimesaini. Ndiyo maana nimekuja kuifuta mwenyewe. Vunjeni vibanda, acheni boila. Na yule bibi mwacheni kwake. Nyumba yake haina kosa. Kosa ni langu."

Kisha kura zikapigwa: boila zibaki. Hilja aliishi nyumbani kwake majira mengine saba ya baridi, na alifia kitandani mwake.

Tangu siku ile kituo hiki huacha vipimajoto ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa, na mpimaji haanzi kupima kabla hajashika mlango wa tanuri kwa mkono mtupu. Utaratibu huo umetukosanisha na wauzaji wengi. Raili hakuulegeza hata mara moja, nasi tulioununia tunamshukuru leo.

Sasa anahamia Suovaara, katika nyumba ile ile, aliyouziwa na wajukuu wa Hilja. Raili, asante kwa kazi yako, na kwa jioni ile hasa. Tunakutakia maisha mema, kuni kavu na afya ya kuzibeba. Tutakuja kukuona, na tutapiga simu kwanza. Washa tanuri mapema. Safari hii hatuji kupima.