Wamesema Wote Isipokuwa Riziki

Kijiwe chetu kipo Chikongola, ubavuni mwa kibanda cha Frank fundi simu: benchi moja la mbao za mapaleti, jiko langu la mkaa, dele la kahawa na sahani ya kashata. Mimi ni Isihaka, ndiye ninayemimina, na kitu nisichokipenda ni mtu kushika kikombe changu, akaongea mpaka kahawa ikapoa, halafu akalalamika kwamba kahawa ya siku hizi haina ladha. Watu wa namna hiyo ninao watatu. Kuna Mustafa, tunamwita Gesi, kwa sababu tangu gesi ifike Mtwara hajaeleza jambo lolote, hata mafua, bila kulipitisha kwenye bomba. Kuna Nassoro Mahakama, mwenye kesi ya kiwanja huko Mtawanya iliyomzeesha. Amejifunza kusema kama wakili, kushinda bado. Na kuna Abdulkarimu, tunamwita Winchi, maana ndiyo kazi yake bandarini. Siku hiyo baada ya alasiri, Winchi alikuja na mwendo wa mtu anayetafuta wa kumpiga.

Hakusalimia. Alikaa, benchi likalia, akaanza. Binti yake Riziki, aliyeko mwaka wa mwisho chuoni, amerudishiwa tasnifu yake tena. Anaandika juu ya mikoko ya kule mto Ruvuma unapoingia baharini, kama inapungua au inaongezeka. Amesoma vitabu mpaka macho yamemtoka, sura nzima kaijaza maneno ya wataalamu, na msimamizi wake anasema haifai. Asipoirekebisha hatatetea pamoja na wenzake. Atarudia mwaka.

– Kosa lake hasa ni lipi? Mahakama akauliza.

– Eti kawapanga wataalamu foleni, Winchi akasema. Mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile, wa tatu naye anasema hivi. Eti awaunganishe. Awaunganishe vipi, ni mabati?

Mahakama akasikitika kisheria, yaani kwa kirefu.

– Wahenga walishahukumu, akasema. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto kaleta kitabu, kaongeza kitabu, kibaba kimejaa. Sasa huyo bwana anataka nini, pishi?

Nikasema labda anataka wachanganywe. Nilikuwa nasema tu, huku nasuuza vikombe. Gesi akanidaka.

– Kuchanganya ni kosa. Wewe peleka korosho ghalani, changanya daraja la kwanza na la pili kwenye gunia moja, uone kama hutaitwa kujieleza. Huyo anamtega mtoto.

– Amtege ili iweje? nikauliza.

– Mikoko iko wapi? Mlangoni mwa mto. Mto uko wapi? Mpakani. Na chini ya mpaka kuna nini?

Jibu la Mustafa ni lilelile kila siku.

– Gesi, akajijibu. Hawataki ijulikane mikoko imesimama juu ya nini.

Mahakama hakumjibu Gesi. Alisubiri amalize, kisha akaanza lake, kana kwamba Gesi alikuwa mvua iliyopita. Akasema haya ni mambo ya ushahidi. Hakimu akiletewa mashahidi watatu wanaopingana anaahirisha kesi, na huyu msimamizi kaahirisha, anangoja mashahidi wafe. Isitoshe, mafahali wawili hawakai zizi moja, na Riziki kaweka watatu kwenye ukurasa mmoja. Kutoka hapo akaingia kwenye kesi ya kiwanja, akakaa huko muda.

Gesi naye hakumjibu Mahakama. Akasema hao wataalamu watatu ni mtu mmoja.

– Kuna aliyewahi kuwaona watatu hao wamekaa pamoja?

Hakuna aliyewahi kuwaona.

– Basi.

Winchi hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekibana kikombe mpaka nikakihofia.

– Mimi mtoto wangu nimemlea, akasema. Nimemfundisha asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa kasikia la wakuu wote, kila mmoja kampa nafasi yake, hakumkatiza hata mmoja. Guu limevunjika vilevile. Ndiyo elimu hiyo?

Tukamwambia ukweli kwamba hakuna binti mwenye adabu kama Riziki mtaa mzima. Akipita hapa anasimama, anatuamkia mmoja mmoja kuanzia aliye mkubwa, hamruki mtu, anangoja kila mmoja aitikie, kisha anakwenda zake. Mahakama akasema mtoto yule hana mdomo kabisa. Alisema hivyo kumsifu, na Winchi alipokea kama sifa.

Lakini sifa zilizidi kumpandisha hasira. Akasimama. Akasema anakwenda chuoni sasa hivi kumuuliza yule msimamizi ana shida gani na mwanawe, na kama shida hiyo haina maneno basi ana mikono. Gesi akasema haendi peke yake. Mahakama akasema wakaishtaki tasnifu. Sielewi tasnifu inashtakiwaje, ila yeye alishafunga vifungo vya shati na kuita bajaji, nayo ikaja ikasimama ikinguruma. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishaanza kuzima jiko ili nifuatane nao. Kila mmoja wetu alijua kwamba Winchi akimkunja shati msimamizi, Riziki hatarudia mwaka tu. Atafukuzwa chuo moja kwa moja. Tulijua, na tulikuwa tunakwenda.

Mwishoni mwa benchi alikaa mgeni tuliyekuwa tumemsahau, mtu wa makamo aliyeleta simu kwa Frank. Alikuwa amekunywa kahawa yake ingali ya moto, jambo lililonifanya nimheshimu tangu mwanzo.

– Samahani, wazee, akasema. Mimi mpita njia tu, naitwa Kasiani, natoka Newala. Hiyo mikoko, binti mwenyewe anasema inapungua au inaongezeka?

– Vitabu vinasema... Gesi akaanza.

– Vitabu nimesikia. Nauliza yeye.

Mahakama akatazama viatu vyake. Tulikuwa tumeongea mpaka mkaa umekuwa majivu, na hakuna aliyejua.

Winchi akamgeukia mgeni, uso umemwiva.

– Unataka kusema mimi simjui mwanangu?

– Hapana, mzee wangu. Nauliza anasemaje.

Nilidhani atampiga. Alisimama pale, kifua kinapanda na kushuka, bajaji inanguruma nyuma yake. Kisha akaketi, akatoa simu, akampigia Riziki, na kwa kuwa masikio yake yameharibiwa na mashine za bandarini, akaweka laudi spika.

– Shikamoo baba.

– Marahaba. Riziki, hivi hiyo mikoko, wewe mwenyewe unaonaje?

Tukasikia kuku wa kwao nyumbani.

– Baba, uko na watu?

Winchi akatutazama mmoja mmoja.

– Niko peke yangu.

Mahakama akamfanyia ishara dereva azime bajaji. Wanaume wazima tukabana pumzi.

– Wale hawabishani, baba, Riziki akasema. Mmoja alipima kabla mto haujahama mkondo, mwingine alipima baadaye, upande mwingine. Kila mmoja kasema kweli ya mahali pake. Yule wa tatu hakupima popote, kamnukuu wa kwanza tu. Nimeliona hilo tangu mwaka jana.

– Sasa mbona hukuandika?

– Niandike mimi kwamba msomi mzima kakosea? Sauti yake ikapanda, na ilikuwa sauti ya baba yake kabisa. Nyumbani nikifungua mdomo naambiwa wakubwa wanaongea. Nikifika chuoni naulizwa mdomo wangu uko wapi. Niutoe wapi, baba? Mimi ninachokiona kwenye hiyo mikoko ni kwamba...

– Gesi, akasema Mustafa.

Naapa hakukusudia. Lilimtoka kama kikohozi. Kisha Riziki akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kupita njiani:

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, tukaitikia sote. Tulishazoea.

Sijawahi kuona hasira kama ile aliyotutazama nayo Winchi, na nilikuwa nayo na mimi, ningempiga Mustafa kwa dele. Alizima laudi spika, akavuka barabara, akasimama kwenye ukuta wa duka lililofungwa, ametugeuzia mgongo.

– Sasa niko peke yangu kweli, tulimsikia akisema. Sema mama.

Kisha hatukusikia tena. Tuliona tu kichwa kikiinama, kikiinuka, mara moja mabega yakacheka. Gesi akanyanyuka kumfuata, nikamvuta shati akakaa. Frank akamletea Kasiani simu yake, imepona, na yule bwana akatuaga akaenda zake. Dereva wa bajaji akachoka, akaondoka akitutukana.

Winchi aliporudi hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mahakama akamuuliza binti kasemaje.

– Muulizeni mwenyewe, akajibu, akataka kahawa. Nikaliinamisha dele, halikutoa kitu.

Riziki bado anapita hapa. Anasimama, anatuamkia mmoja mmoja kuanzia aliye mkubwa, nasi tunaitikia, halafu tunabaki tunatazamana, kila mtu anamngoja mwenzake aulize. Mpaka leo sijui kama mikoko inapungua au inaongezeka.