Bi Hodi Anapoliacha Lango

Makomredi! Ndugu wa msikiti, ndugu wa kanisa, nyote mnaopita lango moja kwenda kumwomba Mungu!

Tarehe thelathini Juni, Bi Hodi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kulinda ua wa ibada wa chuo chetu, msikiti ukiwa kushoto kwake na kanisa kulia.

Alianza kama mfagizi. Alipohamishiwa ulinzi alikabidhiwa rungu, akaligeuza kishikizo cha dirisha la kibanda. Silaha yake ilikuwa neno moja: hodi. Hapiti mtu bila kulitamka, awe shehe, mchungaji au mwanafunzi aliyechelewa. Mpiga hodi, husema, lazima asimame, na akisimama uso wake utasema kilichomleta. Mkuu wa chuo alipojipitia kimyakimya, alirudishwa nje mbele ya wageni wake: “Mheshimiwa, hata mbuzi hulia akiingia zizini!” Akarudi, akapiga hodi, akakaribishwa kama bwana harusi. Waliokuwepo bado wanashika mbavu.

Utani huo ulikuja kutuokoa. Mwaka juzi, Ijumaa ya joto kali, safu zikiwa zimejaa msikitini na kwaya ikifanya mazoezi kanisani, kijana aliyevaa koti zito alipita na begi bila neno. Bi Hodi akamtupia yule mbuzi wake. Langoni pote watu wakageuka wakicheka, na aliyekuja kujificha katika umati akajikuta anatazamwa na umati. Akalibwaga begi, akatimua mbio. Bi Hodi alipuliza filimbi, akatutoa sote kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, huku akimkaripia mpiga kinanda aliyetaka kurudia kinanda chake. Wataalamu walilitegua bomu lililokuwa ndani ya begi. Hakuumia hata mmoja wetu.

Kesho yake utawala ulimtuma fundi na mnyororo. Bi Hodi alimpokea mikono kiunoni: “Mwanangu, wale walitaka watu wasiombe hapa. Ukifunga, umewamalizia kazi yao.” Fundi akaondoka na mnyororo wake, nasi tukaingia kuomba. Yuko wapi gaidi aliyewahi kushindwa waziwazi namna hiyo?

Bi Hodi, mama yetu, sala zetu zilitulia kwa sababu macho yako hayakutulia. Asante. Nenda kwa wajukuu, ulale mchana bila kushtuka, unywe chai ikiwa bado ya moto. Mungu akulinde ulivyotulinda.

Nanyi, makomredi, sikieni: nafasi yake haijajazwa, na utawala umeshatangaza kwamba Jumatatu lango litafungwa mpaka apatikane mlinzi mwingine. Shukrani ya makofi haitalizuia hilo. Jumamosi, saa mbili asubuhi, tukutane langoni tugawane zamu za ulinzi: Wakristo washike Ijumaa, Waislamu washike Jumapili.