Mzee Sahni, Aliyeacha Tambuu kwa Ajili ya Mdudu

Leo, tarehe 31 Julai, Mzee Ramsakal Sahni anastaafu baada ya kutumikia kituo chetu cha utafiti wa mabwawa hapa Madhubani, India, kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi, Vibha Karn, ni jirani yake wa maabara. Niseme jirani wa ukuta tu, maana mlango wake ulikuwa umefungwa daima.

Kazi yake ilikuwa kujua jinsi mbawakawa wa singhara, ile njugu ya majini tunayoilima mabwawani, anavyolipata jani la kutoboa. Alimwingiza gizani kwenye bomba la kioo lenye njia panda: huku harufu ya jani, kule hewa tupu. Msimu wa kwanza wadudu walizunguka kama walevi. Kumbe Mzee mwenyewe ananukia tambuu mdomoni na mafuta ya haradali kichwani! Msimu mzima ukaenda bure. Siku alipoligundua hilo akaviacha vyote viwili, na wadudu wakaanza kwenda kwenye jani bila kusita.

Lakini jamani, hapa kwetu Mithila ukikataa tambuu umemkataa mtu. Kwenye harusi ya shemeji yake alirudisha sahani, wakwe wakanuna, wakasema ana maringo. Mialiko ikapungua, mwisho ikakoma. Hata chai alikunywa peke yake, kando ya bomba lake, mlango umefungwa ili harufu zetu zisiingie. Nyumbani, mkewe Bi Sonamati aliacha mafuta ya nywele, ila tambuu ilimshinda. Akawa anatafuna barazani, mumewe yuko ndani. Mwaka juzi Bi Sonamati alifariki.

Matunda ya kazi hiyo tunayaona. Wakulima wa singhara sasa hutundika majani yaliyopondwa pembezoni mwa bwawa, mbawakawa wakajazana hapo, wakaokotwa kwa mkono. Sumu wameisahau.

Juzi nilimuuliza tumwandalie nini. Akanijibu:

"Tambuu, binti yangu. Mbili. Nilimwahidi Sonamati kwamba nikistaafu nitakaa naye barazani, nitafune naye."

Mzee wetu, asante kwa subira yako. Tunakuombea afya, na miaka mingi yenye watu wa kukubishia hodi. Leo kiti chako kiko katikati yetu, na tambuu zako ziko kwenye sahani. Ya pili tumeitia chokaa kidogo tu, kama alivyoipenda Bi Sonamati.