Pauline Ndunda na Benchi la Maji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Pauline Ndunda, muuguzi wa kitengo chetu cha tiba ya mionzi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba. Wazee wa Machakos nzima sasa watapumua.

Alianzia wodi ya watoto, ambako walinyamaza akiwatazama tu. Alipohamishiwa kwetu alikabidhiwa benchi la wanaume wenye saratani ya tezi dume ambayo haijasambaa. Hawa hupigwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki nne, na kila siku sharti kibofu kijae maji, ili utumbo usogee kando usiungue. Basi Pauline alipita na jagi, akahesabu vikombe, kisha akasimama mlangoni pa choo kama askari wa benki. Chifu mmoja mstaafu alijaribu kumhonga kwa maembe ya Matuu. Maembe yalipokelewa, mlango haukufunguliwa.

Siku ya kumi na moja ya matibabu yake, Mzee Kisilu, muuza misumari wa Tala, alishindwa kujizuia juu ya kitanda, mara tu mashine ilipozimika. Kwa aibu alienda nyumbani, akazima simu. Tulijua akiacha katikati, ugonjwa uliokuwa unatibika ungeweza kumshinda. Kusema kweli, tuliogopa.

Pauline alichukua bodaboda hadi dukani kwake. Mzee akamwambia, "Sista, wewe unasema tu. Hii maji imewahi kukubana wewe?" Haikuwa imewahi. Wakapatana kwamba kuanzia kesho watakunywa pamoja, kikombe kwa kikombe, na wa kwanza kukimbilia choo ameshindwa.

Pauline alidumu dakika kumi na tisa. Alipita koridoni na kiatu kimoja, benchi zima likimpigia makofi, na Mzee Kisilu akaonywa asicheke sana. Zilikuwa zimebaki siku tisa, na Pauline alishindwa zote tisa. Wengine husema alijiachilia makusudi. Sisi tuliookota viatu tunajua hakuigiza.

Hiyo ni miaka minne iliyopita, na vipimo vya Mzee vimekuwa vizuri tangu hapo. Leo ndiye atakayeombea chakula. Mkewe, Kavata, aliomba dakika mbili za kumshukuru Pauline. Tumempa kumi, kwa sababu bado ana mume.

Asante, Pauline. Kijiji chako cha Ndithini kikupokee vizuri, na miaka yako ya kupumzika iwe mingi na mitamu.