Kesho Nani Atashika Kamba?

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Chama cha Riadha, pamoja na viongozi ulioongozana nao, Kocha wetu, wazazi, majirani na nyote mliobanana humu ukumbini: tunawasalimu kwa heshima na taadhima.

KARIBU SANA

Sisi ni wakimbiaji wasioona pamoja na waongozaji wetu, yaani wenzetu wanaoona ambao hukimbia nasi bega kwa bega, mkono kwa mkono, tumeunganishwa kwa kamba fupi. Tunashukuru umekuja kutuaga kabla ya safari ya kesho asubuhi kwenda mashindanoni.

Mimi ninayesoma ni katibu wa kikundi. Ukiniona nimeelekeza uso darini, usidhani nimekariri. Nasoma kwa vidole, kwa nukta nundu. Juzi katibu wako alitaka nakala aipitie kwanza, lisije likasemwa neno la kukuudhi. Tukampa hii hii. Aliipapasa, akaigeuzageuza, akasema iko sawa kabisa. Kwa hiyo tunasoma kwa idhini ya ofisi.

TULIKOTOKA

Tulianzia nyuma ya karakana, Kocha, mama yetu sote, akiwa na filimbi yake na sisi na hofu zetu. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukimbia tangu tuzaliwe. Nyumbani tuliambiwa, "Kaa hapo hapo, usije ukaumia," nasi tukakaa, miaka nenda miaka rudi.

Kocha hakutukimbiza. Alitufunga kamba wawili wawili, asiyeona na anayeona, akatutuma sokoni. "Nendeni mkaninunulie nyanya, na mrudi bila kugombana." Wee! Tuligombana mpaka wauzaji wakatuamulia. Huyu anavuta, yule kagoma katikati ya njia. Huyu anasema "kuna shimo" wakati mwenzake ameshatumbukia. Ilichukua miezi mpaka mkono ukazoea mkono. Shule yetu ndiyo hiyo, na haitoi cheti. Tunaomba neno hilo, cheti, ulikumbuke, tutalirudia.

TUNACHOJIVUNIA

Chama kilitupa viatu na fulana, na tunashukuru kwa dhati. Zamani tulikimbia na raba zilizokuwa zinacheka mbele na nyuma.

Lakini fahari yetu kubwa ameketi mstari wa mbele. Tunamwita Taratibu, kwa utani tu, maana dada huyu hajui kwenda taratibu hata anapoitwa kula. Mwongozaji wake ni Fundi, mshona nguo, baba wa watoto wanne. Fundi amekaa kule nyuma karibu na mlango. Amekataa kusogea, watu wasije wakasema amekuja kuomba safari. Anapokimbia na Taratibu haongei sana. "Kona." "Nyooka." "Sasa, dada, sasa!" Akichoka hasemi, lakini Taratibu anajua, kamba inamwambia. Mbio zote walizokimbia pamoja, hakuna aliyewahi kuwapita.

YANAYOTUKABA

Mgeni rasmi, hatukukuita hapa tukuvishe kilemba cha ukoka. Mashindano yaliyopita ulikuwepo. Ulikaa jukwaani, mbele kabisa.

Siku ile Chama kilimwacha Fundi nyumbani, kikampa Taratibu ofisa kutoka ofisini kwako, mtu mwenye cheti cha uongozaji. Walikutana asubuhi ile ile kwenye ngazi za uwanja. Hata hivyo Taratibu alikaza roho akakimbia, akawaacha wenzake wote mbali. Zilipobaki hatua chache, yule ofisa akaliona jukwaa lako. Akainua mkono kukupungia, akachomoka mbele, akavuka mstari kabla yake.

Sheria ya mchezo huu haina mjadala. Mwongozaji akitangulia kuvuka, mkimbiaji anafutwa.

Taratibu hakujua. Nani amwambie? Alisikia makofi, akajua ni yake. Alisimama pale akihema na kutabasamu, ameinamisha kichwa kidogo avishwe medali. Likatajwa jina la mwingine. "Kocha," akauliza, "mbona hawajaniita?" Mpaka leo tukikumbuka swali lile, tunaumia.

Alirudi nyumbani akaning'iniza viatu. Hakuna mtu wa Chama aliyepiga hodi, wala kusema pole. Kocha ndiye aliyekwenda. Alikaa kizingitini kila asubuhi. "Leo hatukimbii, mwanangu. Twende sokoni tu, nyanya zimeniishia." Kesho yake nyanya zimeisha tena. Keshokutwa hivyo hivyo, mpaka siku moja Taratibu akaangua kicheko: "Mama, hizo nyanya unakula au unaogea?" Akatoka. Sokoni akamkuta Fundi anasubiri, kamba mkononi. Walianza upya, kwa kutembea.

Huyo ndiye mtu mnayemsafirisha kesho. Mbio zake za sasa si za viatu wala fulana. Ni za mwanamke aliyekaa kizingitini na mwanamume aliyefunga cherehani yake akaenda kumsubiri.

Na jana tumeletewa ujumbe kwamba nafasi ya mwongozaji ni ya ofisa yule yule, kwa kuwa Fundi hana cheti. Taratibu akikataa, nafasi yake apewe mwingine. Jibu linatakiwa leo kabla hujaondoka. Taratibu ametuomba tulitoe hapa, kwa maneno yake: "Nitakimbia na Fundi, au nitabaki nyumbani. Sitasimama tena kungojea medali ya mtu mwingine."

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi mengi, uwanja, basi, choo. Tumeyafuta yote. Limebaki moja: kesho Fundi apande gari.

Mgeni rasmi, neno la mwisho halimo kwenye nakala aliyoipapasa katibu wako. Ulipoingia leo, ulijikwaa pale mlangoni. Hatukuona, tulisikia. Tulisikia kiatu kikikwama, ukumbi mzima ukishtuka, kisha dereva wako akasema, "Nimekushika, mzee." Nawe hukuuliza ni nani, wala kama ana cheti. Uliendelea na hatua yako, kwa sababu mkono ule unaufahamu.

Kamba ya Taratibu iko mezani mbele yako, kando ya maua. Tunakuomba unaposimama kuzungumza uichukue, umkabidhi unayeona anafaa kuishika. Tutanyamaza kimya. Tutasikia nyayo zako zinaelekea wapi, kwa ofisa wako aliyeketi hapo kando yako au kwa Fundi kule nyuma mlangoni.

Mungu akulinde wewe na wako, na kila unapojikwaa akupe mkono unaoufahamu.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakimbiaji Wasioona na Waongozaji Wao, wote, pamoja na wasio na cheti.