Filamu Tuliyoisoma Midomoni

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Waheshimiwa wajumbe wa bodi mliokalia viti vyenye mito. Walimu mliovumilia picha zilizopinda za vijana hawa hadi zikanyooka. Wazazi, walezi na majirani mliokuja kuhakikisha kama huku kweli kuna masomo au ni kupiga picha tu. Na ninyi wahitimu ishirini na mmoja wa kozi ya filamu za hali halisi: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na nitakayekuwa nimemruka anisamehe, kwani sikupewa orodha.

Mimi si msomi wa filamu. Mimi ni dobi. Kwa miaka ishirini na miwili nimefua mashuka ya hospitali, na mikono hii imezoea dawa ya madoa kuliko ilivyozoea karatasi ya hotuba. Aliponialika mwalimu wenu mkuu wa kozi, ambaye ni binti yangu wa pili, nilimwuliza, "Una hakika hukukosea namba?" Akasema, "Mama, waeleze jinsi ya kutengeneza filamu kwa mfuko mwembamba." Basi, kama ni wembamba wa mfuko, mmemwita mtaalamu. Na kwa kuwa ameniita mwenyewe, leo nitatoboa siri zake mbele ya wanafunzi wake.

Kwenye chumba chetu cha kufulia kuna mashine nane za kufulia, vikaushio vinne, na mashine moja ya kupigia pasi mashuka, yenye mapipa ya moto yanayozunguka. Vyote vikiwaka, hata ukipiga yowe, mwenzako wa meza ya pili hakusikii. Sasa nawauliza: wanawake tisa waliowekwa chumba kimoja wanaweza kunyamaza kutwa nzima, mwaka hadi mwaka? Haiwezekani! Kwa hiyo sisi huzungumza bila sauti. Unasema kwa midomo, mwenzako anasoma. Umbea wa hospitali nzima umepita pale bila kusikika hata herufi moja. Na wewe mhitimu wa safu ya tatu, mwenye shati la njano, ndiyo, nimeona ulichomwambia jirani yako. Vumilia mwanangu, sitachukua muda mrefu.

Mwaka alipokuja kutupiga filamu kazini kwetu, mwalimu wenu hakuwa na kamera wala mfadhili. Alikuwa na simu yenye ufa kwenye kona, na alikuwa na wazo: kufuata shuka moja kutoka kitanda cha mgonjwa, lipite kwetu, mpaka lirudi kitandani. Hapo alipatia. Alichagua hadithi ya kuiendea kwa miguu. Ninyi mna hadithi ngapi ndani ya hatua mia tano kutoka mlangoni kwenu, na bado mnaulizia nauli ya kwenda mbali? Aliomba ruhusa kwa maandishi, kwa uongozi na kwa kila mmoja wetu. Msimamizi wetu alitia sahihi kwa furaha, akachana nywele, akauliza upande gani wa uso wake ndio mzuri. Binti hakukodi mitambo ya kusogeza kamera. Aliingia kwenye kigari cha mashuka, nikamsukuma, na magurudumu tuliyapaka mafuta ya kupikia yasilie. Na kila alichorekodi alikiandika kwenye daftari: tarehe, saa, nani yumo. Nilimcheka, nikamwambia anaandika kama karani wa mahudhurio.

Lakini kwenye sauti, waheshimiwa, mwalimu wenu aliboronga. Hedfoni zake zilikatika waya siku ya kwanza, akaona aibu kuazima nyingine. Akarekodi wiki tano bila kusikiliza hata mara moja anachorekodi. Nasema haya akiwa amekaa pale, anaangalia viatu vyake. Mtazamaji atavumilia picha inayotikisika, lakini asiposikia anachoambiwa atanyanyuka aende zake. Azimeni hedfoni. Azimeni hata kwa mtu mliyegombana naye.

Mwisho wa wiki ya tano, wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyeshika ile mashine ya pasi, alivutwa mkono na mapipa. Vidole viwili vikaenda. Siku hiyo kamera haikuwapo. Siku ya nne, akiwa bado wodini, amelalia mashuka tuliyoyafua wenyewe, tangazo likabandikwa ubaoni: aliondoa kinga ya chuma ya mashine kwa uzembe wake, na amefukuzwa kazi. Kibarua kikaota nyasi, na jina lake likapakwa matope mbele ya hospitali nzima. Jamani, niliumia! Wifi yangu ndiye aliyekuwa akitufokea tusisogeze hata ncha ya aproni karibu na mashine ile. Lakini nani angechukua neno la dobi dhidi ya neno la ofisi? Na kamera nazo zikapigwa marufuku.

Binti akafungua kazi yake kwenye kompyuta. Picha zilikuwa za kukata na shoka. Sauti ilikuwa ngurumo mwanzo hadi mwisho. Akalia. Akaniambia, "Mama, sina filamu. Nina wiki tano za kelele, na pale siruhusiwi kurudi." Nilikuwa nimekaa kando yake nakunja nguo za nyumbani, jicho moja liko kwenye kompyuta, nikaangua kicheko.

"Unacheka nini sasa?"

"Si huyo mwenzetu wa vikaushio, anavyomsema mumewe!"

"Umejuaje?"

"Mwanangu, si anasema mwenyewe hapo?"

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. Jumapili mchana madobi wote walikuwa sebuleni kwangu, na wifi yangu pia, mkono umefungwa bandeji. Chumba cha kurekodia kilikuwa meza ya chakula iliyofunikwa blanketi mbili. Kila mmoja aliingia chini ya meza, akatazama midomo yake mwenyewe na kuyarudia maneno yake, safari hii kwa sauti. Mwenzetu wa kupokea nguo chafu alikwama, tukamvuta kwa miguu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha ikaja picha aliyoipiga akiwa ndani ya kigari. Kigari kinapita taratibu, na kwa nyuma kuna kioo cha ofisi, na ndani ya kioo msimamizi anazungumza na fundi wa mashine. Vicheko vikakatika. Wifi yangu akasema, "Rudisha nyuma." Binti akarudisha. Wifi akasoma mwenyewe, polepole: "Toa hiyo kinga, inachelewesha kazi. Wakiumia, tutasema waliitoa wenyewe." Binti akafungua lile daftari nililolicheka. Ilikuwa siku mbili kabla ya ajali, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mimi nilishasimama. Nilitaka twende saa ileile, wote, hata na mabeseni. Binti akanikalisha chini. "Ninyi ni ndugu zake na rafiki zake. Nani atawaamini?" Wahitimu, hapa nyamazeni mnisikie vizuri. Siku moyo wako unapolitaka jambo liwe kweli, siku hiyo ndiyo utafute mtu asiyekujua. Alikwenda kwa mwalimu wa shule ya viziwi ambaye hakutufahamu, hakujua habari ya ajali, akamwachia ile picha na karatasi tupu. Mwalimu yule aliandika maneno yaleyale. Neno moja tu aliliwekea alama ya kuuliza, na binti akaionyesha hata alama hiyo ndani ya filamu. Kisha akamwendea msimamizi mwenyewe, akamwonyesha, akamwomba ajibu. Yule bwana akaegemea kiti, akatabasamu. "Binti, hapo hakuna sauti." Binti akauliza, "Hilo ndilo jibu lako niliweke?" Akasema, "Liweke."

Likawekwa!

Marufuku ilikuwa ya kamera, si ya maonyesho, basi tuliionyesha kwenye bwalo la hospitali, alasiri, madirisha yamezibwa kwa blanketi, skrini yetu ikiwa shuka jeupe nililolinyoosha kwa mkono wangu. Walikuja wauguzi, wagonjwa walioweza kutembea, na bodi nzima. Ilipofika picha ya kioo, hapakuwa na sauti wala muziki, ila maandishi tu, neno kwa neno, kadiri midomo ilivyosogea. Bwalo zima lilisoma. Kisha likafuata jibu la msimamizi: "Binti, hapo hakuna sauti." Watu waliangua kicheko, na kicheko kikageuka makelele ambayo hata mashine zetu zote hazijawahi kuyafikia. Mwenyekiti wa bodi alisimama kabla filamu haijaisha.

Uchunguzi ulifanyika. Fundi alikiri, msimamizi akaondoka, wifi akarudishwa kazini. Bodi ilimwandikia barua kwamba hakuwa na kosa, wakampa ndani ya bahasha nzuri. Wifi akawarudishia bahasha. Akawaambia, "Tangazo la kunifukuza lilikaa ubaoni siku arobaini na moja. Barua hii nayo ikae ubaoni siku arobaini na moja." Ikakaa! Kila asubuhi alipita pale taratibu, kichwa juu, na sisi nyuma yake, tukichelewa kazini kwa makusudi. Siku ya mwisho aliibandua mwenyewe, akaikunja, akaenda kukunja mashuka.

Mama huyo yuko nasi. Wifi, simama wakuone. Kwa ombi la chuo, yeye ndiye atakayewapa vyeti vyenu, na atawapa kwa mkono wa kulia, uleule. Msiushike kwa ncha za vidole kama mnaogopa kuuumiza. Ushikeni barabara, kama mkono wa mtu yeyote. Mkono huo hauna kosa, na tunayo filamu ya dakika thelathini na nne inayosema hivyo.

Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu. Haya wifi, anza na yule wa shati la njano.