Chati Moja ya Herufi

“Kwani unaniona mjinga, Mama Angeline? Ulinipigia simu ukasema tutaongea kazi yake. Sasa naona hapo umeandika kambi. Ukitaja kambi mimi natoka, na picha yake natoka nayo.”

“Mama Marvin, kambi ilikuwa kazi yake.”

“Kambi ndiyo ilimuua.”

“Figo ndizo zilimuua. Na habari ya kambi mji mzima unaijua. Nikiiruka watasema tumeficha.”

“Wacha waseme. Wamesema miaka saba, wamalizie tu.”

Wasikilizaji wapendwa, mmetusikia. Kipkorir, fundi wetu wa mitambo, amefungua vipaza sauti wakati bado tunagombana, na sitajifanya hatukuwa tunagombana. Aliye mbele yangu ni Mama Marvin, Akello, mjane wa mtu tunayemkumbuka leo. Mtu huyo ni Austine Ouma, mpima macho wa hapa Eldoret. Alifariki Jumanne akiwa na miaka sitini na miwili. Atazikwa Jumamosi kwao Ugenya. Mama Marvin amekubali kuendelea kukaa. Hajakubali niseme yote. Nitaanza na yale tunayokubaliana.

Watu walimwita daktari. Hakuwa daktari, na yeye mwenyewe alikuwa akiwasahihisha. Alisomea kupima macho na kutengeneza miwani. Alifika Eldoret mwaka 1984 akiwa na mkoba mmoja wa nguo na sanduku la lenzi za kupimia. Sanduku hilo lina lenzi nyingi ndogo za mviringo, kila moja katika nafasi yake. Anakuvisha fremu nzito ya chuma, anatia lenzi, anatoa, anatia nyingine. “Hii au hii? Ya kwanza au ya pili?” Wengi wenu mlikaa kwenye kiti kile. Mimi pia.

Mama Marvin, nyumbani alikuwa mtu wa namna gani?

“Msumbufu. Chakula kikiwa mezani anachukua glasi ya maji anatia kijiko ndani. Anawauliza watoto, kijiko kimevunjika? Wanasema kimevunjika. Anakitoa, kizima. Anatia tena. Ugali unapoa. Namwambia, Baba Marvin, kijiko tumeshakiona, kula.”

“Na yeye anasema nini?”

“Anasema mwanga ukitoka kwenye maji kuingia hewani unapinda, na jicho halijui kwamba umepinda. Jicho linaamini umekuja moja kwa moja. Aliyasema hayo mpaka mimi nikaweza kufundisha darasa.”

Huyo ndiye Austine Ouma.

Sasa nafika mahali ambapo hatukubaliani. Mama Marvin ameangalia mlango. Bado amekaa.

Mwisho wa mwaka 2007 mnaujua. Matokeo ya kura yalitangazwa, na kabla ya saa moja kupita moshi ulionekana mtaa wa Langas. Duka la Ouma lilikuwa ndani ya jengo la mtu ambaye jina lake lilitafutwa mwezi ule. Jengo lilichomwa kwa sababu jina hilo lilitaja kabila lake. Ouma hakutafutwa na mtu, lakini duka liliteketea pamoja na mengine.

Kilichookolewa kiliokolewa na Kipyego, muuza maziwa wa Chepsaita, aliyekuwa na miadi ya kuchukua miwani yake. Aliingia moto ukiwa bado upande wa pili wa jengo. Alibeba sanduku la lenzi, akang'oa chati ya herufi iliyokuwa ukutani, akavificha chini ya mikebe ya maziwa. Aliweka vitu hivyo kwake wiki tatu, kisha akavirudisha. Ouma alikuwa na chati tatu. Mbili zilikuwa zimekunjwa nyuma ya mlango, na Kipyego hakujua kama zipo. Kumbukeni hilo. Chati tatu, ikabaki moja.

Wateja wake wengi walikuwa sasa kambini hapa mjini, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao. Walikimbia bila miwani. Ouma alikuwa mtu wa ziwani, si wa kabila lililofukuzwa. Angeweza kukaa kwake. Mwezi Februari alichukua sanduku lake na chati yake moja, akaenda kambini, akapewa hema.

“Ndugu zake mwenyewe walimcheka,” Mama Marvin anasema. “Walimwambia, unaenda kuwapimia macho wale? Ili watuone vizuri?”

“Akawajibu nini?”

“Alisema namba ya miwani haina kabila. Wakamwambia basi lala huko.”

Mimi nilikuwa kambini. Nyumba yetu Langas ilichomwa. Mume wangu, Kinyanjui, alitoka na koti, mimi nilitoka na mtoto. Kwa hiyo la hema sikusimuliwa na mtu. Nililiona.

Hema lile lilikuwa na tundu dogo, cheche ya moto ilitoboa turubai. Asubuhi moja jua kali liko nje, ndani giza kidogo, mama mmoja mzee akapiga kelele. Kwenye ukuta wa hema, upande unaoelekeana na tundu, kulikuwa na watu wadogo wa rangi, wanatembea kichwa chini. Ndoo za vichwani mwao ziko chini, miguu iko juu. Yule mama akasema hema lina mapepo, akatafuta njia ya kutoka.

“Mama, keti,” Ouma akamwambia. “Hao ni sisi. Ni foleni yenu ya nje. Mwanga haujui kukata kona. Unaotoka kichwani pa mtu unapita kwenye tundu ukishuka. Unaotoka miguuni unapita ukipanda. Ndiyo maana amepinduka.”

“Na nani atamgeuza?”

“Jicho lako liko hivyo hivyo. Tundu mbele, ukuta nyuma. Sasa hivi mimi niko kichwa chini ndani yako. Ubongo ndio unanigeuza.”

“Basi ubongo wangu una huruma,” yule mama akasema, “maana wewe hata ukiwa wima si mzuri sana.”

Hema lote lilicheka. Nadhani ni mara ya kwanza nilicheka mwaka ule.

Sasa sikilizeni namna jicho linavyopimwa. Linapimwa moja moja. Unafunika la kulia, unasoma chati. Unafunika la kushoto, unasoma chati nyingine. Ni lazima iwe nyingine, kwa sababu ile ya kwanza umeshaisikia kinywani mwako mwenyewe. Ouma alikuwa na chati moja. Nje ya hema kulikuwa na foleni ya watu mia mbili, na turubai halizuii sauti. E. Halafu F na P. Halafu T, O, Z. Siku nzima, watu wakitamka. Kufikia wiki ya pili watoto walikuwa wanaruka kamba kwa herufi zile. Anayefika L, P, E, D bila kukanyaga kamba ameshinda.

Ouma alisikia. Si mjinga. Alianza kuwasomesha watu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Alionyesha herufi moja moja kwa kijiti. Lakini siku za mvua, foleni ikiwa imelowa na watoto wanalia, aliwapitisha haraka. Na baadhi ya watoto walimpita.

“Haya, umesema,” Mama Marvin ananiambia. “Umefurahi?”

Sijafurahi.

Binti yangu Angeline alikuwa na miaka sita. Alipimwa siku ya mvua. Ouma alimfunika jicho la kushoto, Angeline akasoma. Akamfunika la kulia, Angeline akasoma tena. Ouma akaandika yuko sawa. Hakuwa sawa. Jicho la kushoto lilihitaji miwani kali tangu kuzaliwa. Kwa hiyo ubongo wake ulikuwa unapokea picha mbili, moja safi na moja ya ukungu. Ubongo wa mtoto hauvumilii hilo. Unaisoma ile safi, unaiacha ile ya ukungu, na mwisho unasahau kabisa kuisoma. Watu wa macho wanaliita jicho vivu. Jicho lenyewe ni zima. Mwanga unaingia, picha inafika ukutani kwa nyuma. Hakuna anayeitazama.

Mtoto wa miaka sita anaweza kusaidiwa. Anavikwa miwani, jicho zuri linazibwa kwa saa kadhaa kila siku, ubongo unalazimika kujifunza. Akifika miaka kumi, mara nyingi umeshachelewa.

Mimi niligundua mwaka 2012. Angeline alikuwa na miaka kumi. Alikuwa akimwaga chai pembeni ya kikombe, kila siku, nami nikimpiga nikidhani ni uzembe. Siku moja vumbi liliingia jicho lake la kulia, akalifumba, akaniambia, “Mama, ukungu umeingia ndani?” Ilikuwa saa sita mchana.

Nilimpeleka kwa Ouma. Alikuwa amefungua duka jipya mtaa wa West Indies hapa mjini, limejaa watu. Nilisimama katikati ya wateja nikamwambia, wewe ulimpima mtoto huyu kambini. Wewe uliandika yuko sawa. Umempofusha. Nilisema hivyo, kwa sauti hii mnayoisikia. Alimketisha Angeline, akampima, akatoka nje akasimama karibu na mtaro. Aliporudi aliniambia, “Ni kweli. Nilikuwa na chati moja.”

Alimziba Angeline jicho zuri mwaka mzima, bila malipo, kila juma akimwangalia. La kushoto halikurudi.

Mama Marvin, la tangazo useme wewe.

“Alibandika karatasi dukani. ‘Nilikosea kambini mwaka 2008. Mtoto yeyote niliyempima huko aletwe nimpime tena.’ Aliibandika mlangoni, nje. Nilimwambia itoe. Mteja anafika, anasoma, anarudi alikotoka. Ungekuwa wewe ungeingia? Kufikia Krismasi duka lilikuwa letu na nzi.”

“Akaitoa?”

“Hakuitoa. Kila Jumamosi alibeba sanduku akaenda kuwatafuta. Timboroa, kwenye baridi ile, watu bado wako kwenye mahema. Walimuuliza, mtu wa ziwani, unatafuta nini hapa? Anasema anatafuta watoto. Hebu fikiria. Mwanamume mgeni anafika kwa watu waliochomewa nyumba, anasema anatafuta watoto. Timboroa walimfukuza na mbwa. Akarudi Jumamosi iliyofuata.”

Alitafuta miaka sita, mpaka figo zilipomlaza. Kati ya wale aliowapata, watano walikuwa na jicho vivu. Wote walikuwa wamepita umri. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuona. Nasema tena, hakuna hata mmoja. Sitawapamba habari hii.

“Umemaliza?” Mama Marvin anauliza. “Sasa watu wamesikia. Alipofusha watoto, akafa. Asante sana.”

Sijamaliza, Mama Marvin. Kuna jambo ambalo wewe hulijui.

Kule kambini ulizuka uvumi. Ilisemekana kwamba mtoto asiyesoma herufi hataingizwa katika shule ya mahema, na atapelekwa kituo cha vipofu mbali na mama yake. Hakuna aliyeuliza ulianzia wapi. Akina mama tulianza kufundisha watoto. Mimi nina diploma, ningeweza kuingia hemani nikamuuliza Ouma mwenyewe. Sikuuliza. Nilisimama karibu na turubai siku mbili nikaandika kila mstari mkononi kwa kalamu. Nilimfundisha Angeline mbele na nyuma. Nilimfundisha na kwa kijiti, herufi moja moja, mstari wa nne, ya tatu kutoka kushoto. Alipokuwa akipimwa nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Jicho la pili alisita. Nilimfinya begani, akasoma.

Ouma hakumkosa Angeline kwa haraka ya mvua. Alimwonyesha kwa kijiti. Alifanya kila alichopaswa kufanya. Mimi ndiye niliyemshinda. Na miaka minne baadaye nilienda dukani kwake nikamwita mpofushaji.

Mama Marvin ameivuta picha ya mumewe kifuani. Wasikilizaji hammwoni, kwa hiyo nawaambia.

“Alijua?”

Hakujua. Sikumwambia.

“Alikuwa akikuzibia mtoto jicho, unakaa pale, unakunywa chai yangu. Hukumwambia.”

Sikumwambia.

“Kwa hiyo alikufa akijua ni yeye.”

Ndiyo.

Angeline yuko likizo. Redio ya nyumbani imewashwa, na hili analisikia sasa hivi pamoja nanyi. Angeline, huyo mzee hakukukosea. Ni mimi.

Wasikilizaji wapendwa, kuna kitu mnaweza kufanya leo. Mtoto mdogo akiwa nyumbani, mfunike jicho moja kwa kiganja, mwonyeshe kitu asichokitarajia. Kisha jicho la pili, kitu kingine. Akishindwa, mwacheni ashindwe. Msimnong'oneze. Mpelekeni kwa anayejua, wiki hii, si muhula ujao. Na jiulizeni ni nani mnamlaumu, na ninyi mlikuwa mmesimama wapi siku ile.

Kwa jamaa ya Austine Ouma, kwa Marvin na wote walioko Ugenya wakichimba kaburi, kituo hiki kinatoa pole.

“Pole ya kituo nimeipokea,” Mama Marvin anasema. “Yako siitaki. Na Jumamosi usije.”

Sitakuja.

Zimebaki dakika kumi na mbili, na nilikuwa nimepanga kusoma historia ya maisha yake niliyoiandika mwenyewe. Mimi si mtu wa kuisoma. Kipkorir, usiweke muziki. Ongeza sauti ya kipaza cha kiti changu, Mama Marvin anaongea taratibu. Mama Marvin, zunguka meza upitie huku. Mimi nimeshasimama. Keti hapa, useme alikuwa nani, mimi natoka.